Baada ya toga: mlango wa pili unaomngoja mwenye diploma

Katika makanisa mengi ya Likasi kuna Jumapili ambayo hata watoto wadogo wanaijua. Baada ya nyimbo za kwaya na kabla ya mahubiri, mchungaji anamwita kijana aliyemaliza chuo kikuu. Anakuja mbele amevaa toga, kofia imelala upande, baba na mama wanamfuata, mashangazi wanapiga vigelegele, na bahasha ya shukrani inawekwa juu ya meza. Tunaomba, tunaimba, tunapiga picha mbele ya mlango wa kanisa. Ni siku nzuri, na hatuandiki ili kuidharau. Kuna wazazi waliouza kiwanja ili siku hiyo ifike.

Miezi michache baadaye kijana yule yule anagonga mlango wa ofisi ya parokia. Safari hii hana toga. Ana bahasha ya kaki yenye nakala za diploma, na anaomba barua ya kumpendekeza. Tunamwuliza, "Barua iende wapi, mtoto wetu?" Mara nyingi anajibu, "Popote tu, Baba Mchungaji."

Neno hilo "popote" ndilo limetufanya tuandike makala hii. Kijana anayesema popote si mvivu. Ni mtu ambaye hakuna aliyemweleza kwamba diploma inafungua mlango mmoja tu, na kwamba nyuma ya mlango huo kuna mwingine. Wakili ana mlango wake wa pili, daktari ana wake, mwalimu ana wake, mhandisi wa mgodi ana wake. Kila mmoja una masharti yake, muda wake na gharama yake. Wazazi wanapanga fedha za mlango wa kwanza kwa miaka mitano au zaidi. Mlango wa pili unawakuta mifuko imekwisha kukauka, na hapo ndipo wanakuja wale wanaosema, "Nipe kidogo, nitakupitishia dirishani."

Wazee wetu hawakuhitaji maelezo kama haya. Wakati wa Union Minière, na baadaye wakati wa Gécamines baada ya mali ya Union Minière kuchukuliwa na Serikali mwaka 1967, mtoto wa mfanyakazi wa Shituru au Panda alizaliwa katika hospitali ya kampuni, alisoma katika shule ya kampuni, alikula unga wa posho, na akiwa na akili darasani kampuni yenyewe ilijua itamweka wapi. Mlango wa pili ulikuwa ndani ya nyumba ile ile. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya familia za wafanyakazi hao, na katika jina la kitabu aliwaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na nyumba nyingi za Likasi zinajua maana ya neno hilo "hiari". Lakini shauri la wazazi halikubadilika pamoja na nyakati. Bado tunawaambia watoto: soma, kampuni itakuchukua.

Kabla ya kuingia katika kazi zenyewe, neno moja juu ya jina la diploma, maana linawachanganya hata waajiri. Katika mpango wa zamani mwanafunzi alisoma miaka mitatu akapata graduat, kisha miaka miwili akapata licence. Katika mpango mpya wa LMD, ambao vyuo vyetu vimeingia kwa ujumla tangu mwaka wa masomo 2021-2022, licence inapatikana kwa miaka mitatu, na miaka miwili inayofuata inaitwa master. Kwa hiyo licence ya yaya wako aliyemaliza mwaka 2015 si sawa na licence yako ya leo, ingawa jina ni moja. Tangazo la kazi likisema "licence", uliza ni licence ya mpango gani. Tunajua baba mmoja aliyesherehekea mwisho wa masomo ya binti yake, kumbe kazi aliyoitaka inadai miaka miwili zaidi.

Sasa tuanze na kazi ambayo kila mtu Likasi anaifikiria kwanza, yaani mgodi na kiwanda cha madini. Kijana aliyesoma madini, jiolojia, metalejia, kemia ya viwanda au umeme hahitaji chama kimpe namba kabla ya kugusa kazi, kama daktari anavyohitaji. Mlango wake wa pili ni staji, yaani kipindi cha kujifunza kazi mahali pa kazi, chini ya macho ya mtu anayeifanya. Na staji inayofungua mlango si ile inayotafutwa baada ya toga. Ni ile ya wakati wa masomo, mwanafunzi anapopelekwa kiwandani kuandaa kazi yake ya mwisho. Wiki sita ndani ya maabara au kwenye electrolyse zinamwonyesha mhandisi wa pale mambo ambayo karatasi haiwezi kuonyesha: kijana anafika saa ngapi, anavaa kofia na viatu bila kukumbushwa, anaandika namba alizoona au anaandika namba anazodhani mkubwa anazitaka. Nafasi ikifunguka, mhandisi anamkumbuka mtu aliyemwona. Wengi wanauita huo upendeleo, na kweli upendeleo upo, hatutaudanganya mji. Lakini mara nyingine ni kukumbukwa tu. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne aanze mapema kuomba staji, kwa barua ya fakalti yake na si ya mchungaji, na asidharau kiwanda kidogo kwa sababu hakina jina.

Tukumbuke pia ramani. Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, Likasi na Kambove ziko Haut-Katanga, lakini Fungurume na Kolwezi ziko Lualaba. Kijana wa Likasi anayetafuta kazi ya mgodi anatafuta katika majimbo mawili, na kila upande una watu wanaosema wenyeji kwanza. Afadhali alijue hilo mapema, na ahesabu nauli na chumba cha kupanga.

Wengi hawaingii moja kwa moja katika kampuni kubwa. Wanaingia kwa kampuni ndogo zinazochukua sehemu ya kazi kutoka kwa kubwa: usafirishaji, ufundi, usafi, ulinzi, chakula, ujenzi. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 imeweka kazi hizo mikononi mwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, na kuna mamlaka ya kuzisimamia, ARSP. Hapo nafasi ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila mikataba ni mifupi, na ndiyo maana kijana lazima ajue vipengele vichache vya Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002. Kipindi cha majaribio hakipiti mwezi mmoja kwa kibarua asiye na ufundi, wala miezi sita kwa wafanyakazi wengine. Mkataba wa muda maalum hauwezi kupita miaka miwili. Na anayefanya kazi ya kutwa, akiisha kufanya siku 22 katika miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, sheria inamhesabu kuwa na mkataba usio na mwisho maalum. Tunawajua wahandisi wenye diploma wanaobeba mifuko kwa malipo ya kutwa. Si aibu, hata kidogo. Lakini wahesabu siku zao, waziandike katika daftari, na waulize kama mwajiri anawalipia mchango wa CNSS.

Ndani ya mgodi kuna kazi nyingine ambazo vijana wetu hawazioni kwa sababu macho yote yako kwenye shimo. Kuna usalama kazini, mazingira, ghala, ununuzi, hesabu, maabara ya kupima sampuli, mahusiano na vijiji vinavyozunguka, na utafsiri. Kiingereza kinahitajika karibu kila mahali, na Kichina kinahitajika zaidi kila mwaka. Mwenye licence ya lugha au ya elimu ya jamii ana mahali hapo, akijifunza maneno ya kazi. Na kuna INPP, shule ya ufundi ya Serikali iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kituo Lubumbashi, inayofundisha kwa muda mfupi kuchomelea vyuma, umeme, magari na ufundi mwingine. Tunajua neno linalosemwa nyumbani: mtoto amesoma miaka mitano, mnampeleka tena kuchomelea? Ndiyo. Waajiri wengi wanalalamika kwamba mhandisi kijana anajua kuchora mashine na hajui kuifungua.

Kujiandikisha katika ONEM, ofisi ya Serikali ya ajira iliyoanzishwa mwaka 2002, na kuwa na kadi ya mtafuta kazi, ni jambo dogo ambalo matangazo mengi yanalidai. Lifanywe mara moja, mapema, lisiwe sababu ya kukosa tarehe.

Na hapa tuseme wazi jambo linalotuumiza. Mjini kuna watu wanaouza kazi. Wanasema wana ndugu katika ofisi ya wafanyakazi, wanaomba dola mia mbili au mia tano "za kufungua dosye", wanaonyesha karatasi yenye muhuri, kisha simu yao haiiti tena. Wengine wanakaa nasi katika benchi moja siku ya Jumapili. Mama mjane anatoa fedha za duka lake kwa mtu anayemwita dada katika Bwana, na akiibiwa anaona haya kusema. Tafadhali, semeni. Mwajiri wa kweli halipwi ili asome barua yako. Na kazi iliyopatikana kwa fedha ya namna hiyo, hata kama ni ya kweli, ilikuwa ya mtoto wa mtu mwingine.

Upande wa sheria mambo ni tofauti kabisa, na hapa wazazi wanashangaa zaidi. Mwenye diploma ya sheria si wakili. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inapanga mawakili katika chama, kile tunachokiita Baro, kwenye kila Mahakama ya Rufaa, na kwa upande wetu hiyo iko Lubumbashi, kilomita kama 120 kutoka hapa. Kijana anaomba kuandikwa, anakula kiapo, kisha anafanya staji ya miaka miwili katika ofisi ya wakili mzoefu kabla ya kuandikwa katika orodha kubwa. Katika miaka hiyo miwili anavaa joho, anakimbia kati ya mahakama, anaandika maombi usiku, na mara nyingi anachopata ni nauli. Tukiongeza malipo ya kujiandikisha, joho lenyewe, vitabu, na chumba Lubumbashi kwa asiye na ndugu huko, tunaona kwamba mzazi anayempeleka mtoto katika sheria anapaswa kuhesabu miaka saba, si mitano. Akijua hivyo tangu mwanzo anaweza kujipanga. Akijua baadaye, mtoto anakaa nyumbani na diploma iliyowekwa fremu.

Kuna njia ya karibu zaidi ambayo Likasi ina mahali pake, kwa kuwa tuna Mahakama Kuu ya eneo, Tribunal de grande instance. Ni kazi ya mtetezi wa mahakamani, ambaye sheria ile ile ya 1979 inamruhusu kutetea watu mbele ya mahakama za chini, bila kufika Mahakama ya Rufaa. Watu wengine wanaidharau. Mjane anayenyang'anywa nyumba na wakwe zake haidharau. Kuna pia uhakimu na uendeshaji mashtaka, unaoingiwa kwa mtihani wa mashindano wa Baraza Kuu la Mahakimu, kama ule wa mwaka 2022. Mitihani hiyo haifanywi kila mwaka, kwa hiyo anayeutaka uhakimu asikae akiungoja mikono mitupu. Afanye staji yake, na mtihani umkute kazini.

Daktari hawezi kumgusa mgonjwa kwa jina lake mwenyewe kabla ya kuandikwa katika Ordre des Médecins na kupata namba. Wauguzi nao wana chama chao cha namna hiyo tangu sheria ya Julai 2016, na wengi waliomaliza ISTM ya hapa Likasi bado hawajajiandikisha, wakidhani ni mambo ya Kinshasa. Si ya Kinshasa tu. Siku hospitali ya kampuni au shirika linapotafuta muuguzi, karatasi hiyo inaulizwa. Juu ya hospitali za Serikali, wasomaji wetu wanajua: mtu anaweza kufanya kazi muda mrefu akigawiwa sehemu ya malipo ya wagonjwa, bila mshahara wa Serikali, akingoja namba yake ya utumishi, ile tunayoiita matrikule. Vituo vya afya vya makanisa vinapokea vijana wengi, na malipo ni madogo, lakini kazi ni halisi na muuguzi anajifunza haraka. Tunawashauri wapange tangu mwanzo, kwa maandishi, watakaa muda gani na watalipwa nini. Neno "utumishi" lisitumike kuficha kwamba hakuna mkataba.

Hilo linatupeleka kwenye ualimu, na hapa hatuwezi kuzungumza kama watazamaji. Kwa mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za nchi hii zinaendeshwa na makanisa, huku Serikali ikilipa walimu. Za Kiprotestanti ni nyingi, na katika mitaa ya Likasi mtu hatembei mbali kabla ya kuona ubao wa shule ya kanisa. Kwa hiyo katika ualimu, aliyekaa mlangoni ni sisi.

Mlango wenyewe uko hivi. Mwenye diploma ya ISP amekwisha kufundishwa namna ya kufundisha. Mwenye diploma ya chuo kikuu, tuseme ya historia au kemia, anahitaji kuongeza masomo ya ualimu, yale yanayoitwa agrégation, ili aonekane mwalimu kamili wa sekondari. Kisha anaomba nafasi, shule inampokea, jina lake linapelekwa kwa wasimamizi na kwa idara ya malipo ya walimu. Na hapo anaanza kungoja. Mpaka jina liingie katika orodha ya malipo, yeye ni NU, "kipimo kipya", mwalimu anayefundisha bila mshahara wa Serikali. Zamani wazazi walimlipa kwa mchango wao. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure Septemba 2019, mchango huo umefutwa katika shule za msingi za umma, na hilo ni baraka kubwa kwa watoto, lakini mwalimu wa msingi asiyeingia orodhani alibaki bila kitu cha kushika. Wapo waliongoja mwaka. Wapo waliongoja miaka mingi, wakauona mwaka wa shule unaanza na kwisha, wakizeeka katika jina "kipya".

Kijana akituuliza kama aingie ualimu leo, hatumwambii asiingie. Tunamwambia aulize maswali matatu kabla ya kushika chaki. Je, nafasi hii ni ya mtu aliyekufa au aliyestaafu, yenye malipo tayari, au ni darasa jipya lisilojulikana na Serikali? Je, dosye yangu imepelekwa, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa iko wapi? Na katika miezi ya kungoja, shule au kanisa litanipa nini, hata kama ni kidogo? Mkuu wa shule asiyeweza kujibu hayo hatafuti mwalimu, anatafuta mtu wa kukaa na watoto.

Na sisi viongozi tujiulize letu. Nafasi yenye malipo inapofunguka, inatangazwa kwenye ukuta wa parokia au inasemwa sebuleni? Tumeona mpwa wa mzee wa kanisa akiingia mwezi huo huo, na mwalimu aliyengoja miaka minne katika shule hiyo hiyo akiambiwa aendelee kumtumaini Mungu. Hatuna la kujitetea katika hilo. Kila nafasi yenye malipo ingeweza kutangazwa Jumapili mbili mfululizo, pamoja na masharti yake, na jina la aliyechukuliwa likasomwa mbele ya watu kama tunavyosoma majina ya wachumba.

Hesabu na biashara tutazipita haraka, si kwa kuwa ni ndogo, bali kwa kuwa njia yake ni nyoofu kidogo. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, kwa hiyo hesabu za makampuni zinafuata mpango wa OHADA, na mhasibu anayeujua vizuri anaweza kufanya kazi hata nje ya Kongo. Kuna chama cha wataalamu wa hesabu, ONEC, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, na anayetaka kutia sahihi hesabu za wengine lazima apite huko. Wengine wanaanza katika duka la jumla, katika koperative ya akiba, au katika ofisi ya kodi.

Kazi ya Serikali, kwa sheria ya utumishi ya mwaka 2016, inaingiwa kwa mtihani wa mashindano, na kuna shule ya ENA Kinshasa inayochukua wenye diploma kwa mtihani wa namna hiyo. Anayeingia kwa mkono wa mtu, bila mtihani wala barua ya kuteuliwa, atajikuta kama mwalimu yule wa NU: meza anayo, mshahara hana.

Na kuna wanaosema watajitegemea. Neno hili linatamkwa sana katika semina zetu za vijana, mara nyingi na watu wenye mshahara. Lina ukweli wake, hata Paulo alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila. Lakini kushona mahema ni ufundi aliokuwa nao kabla, hakuubuni siku njaa ilipomshika. Mhandisi wa kilimo anayeanza bustani ya mboga upande wa Kambove anahitaji ardhi yenye karatasi, pampu, na soko linalolipa. OHADA inamruhusu mfanyabiashara mdogo kuanza kwa kutoa tamko tu, bila kuandikwa kama kampuni kamili. Jina lake ni entreprenant. Anayekua zaidi anakwenda kwenye dirisha moja la kuanzisha kampuni, Lubumbashi. Aanze na kidogo, aandike kila franka.

Wengine wanatuambia wanataka kwenda Mulungwishi kusomea uchungaji, sasa kwa kuwa kazi imekosekana. Chuo cha Wamethodisti kiko karibu, kwenye barabara ya kwenda Fungurume, na tunakiheshimu. Lakini kanisa lina hatua zake za kumpima anayeitwa, nazo ni ndefu kuliko staji ya wakili. Uchungaji usichukuliwe kama gari la mwisho la jioni.

Jambo moja tusilipite, maana linatokea kimya kimya. Mlango wa pili unapodai fedha na fedha ni chache, nyumba nyingi zinamlipia mvulana, na msichana anaambiwa angoje, labda ataolewa. Amesoma miaka ile ile, amevaa toga ile ile, tumempigia vigelegele vile vile. Tumewaona mabinti wa sheria wanaouza unga sokoni Kikula huku kaka zao wadogo wakilipiwa staji. Kanisa lililopokea bahasha ya shukrani ya binti lina haki ya kumwuliza baba yake, kwa upole, safari yake imefika wapi.

Danieli na wenzake walisomeshwa miaka mitatu Babeli, na masomo yalipokwisha hawakupewa kazi mlangoni. Walisimamishwa mbele ya mfalme wakaulizwa maswali. Tunapenda kuhubiri juu ya chakula walichokataa, tunaruka ile miaka mitatu na mtihani ule. Na katika miaka hiyo yote kuna aliyewalisha. Ndiyo swali tunalowaletea wazee wa parokia: mfuko wa elimu wa kanisa, pale ulipo, unalipa ada ya mwaka wa kwanza na wa mwisho. Sehemu yake ingeweza kutengwa kwa nauli ya staji, malipo ya kuandikwa Baro au Ordre, na agrégation ya mwalimu. Ni kiasi kidogo kuliko ada ya mwaka, na mara nyingi ndicho kilichokosekana.

Turudi kwenye ile barua. Tutaendelea kuiandika, msiogope kugonga. Lakini njoo na tangazo la kazi au jina la ofisi unayoiandikia, nakala ya diploma iliyothibitishwa, kadi ya ONEM kama unayo, na ripoti ya staji. Njoo siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho, si asubuhi ile ile. Tutaandika tunachokijua: tangu lini unashiriki nasi, uliongoza kwaya au ulishika hesabu za vijana, na kama ulizishika vizuri. Hatutaandika kwamba wewe ni mhandisi bora, hatukukuona kiwandani. Hilo aliandike mhandisi aliyekuona, na kama bado hayupo wa kuliandika, tukae kidogo tuone ni kiwanda gani au ofisi gani unaweza kwenda kuonekana, kuanzia Jumatatu.